Mkonge wa Korogwe, Meli za Nani? Historia ya Chuo cha Mabaharia na Suala la Umilikaji wa Bahari

Katika semina moja ya viongozi iliyofanyika Korogwe, ndugu mmoja kutoka vijiji vya Handeni alisimama akauliza swali ambalo sisi tuliokaa mezani hatukulitarajia. Mada ilikuwa elimu ya ufundi na uchumi wa taifa, na msemaji aliyetangulia alikuwa amekitaja chuo cha mabaharia cha Dar es Salaam miongoni mwa vyuo vilivyozaliwa katika miaka ya kujenga uchumi wa kujitegemea. Ndugu yule akasema, "Sisi Handeni tunatafuta maji ya ndoo. Maji yenu ya bahari yanatuhusu nini?" Ukumbi ukacheka, na mwenyekiti akampa nafasi muulizaji mwingine.

Swali lile halikustahili kuchekwa. Ni swali la msingi ambalo mwanafunzi yeyote wa uchumi wa nchi zetu hana budi kulijibu: mtu aliye maili nyingi kutoka ufukweni ana haki gani na ana maslahi gani katika bahari? Makala hii inajaribu kulijibu kwa njia ya historia. Jibu lenyewe kwa ufupi ni kwamba watu wa Handeni na Korogwe hawakuwahi hata siku moja kuwa nje ya habari za bahari. Walichokosa ni kauli juu ya chombo.

BAHARI ILIYOCHUKUA WATU

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliipiga nchi ya Wazigua. Watu walishuka pwani kutafuta chakula, na huko wakakutana na wafanyabiashara waliowapakia majahazini kwa hila au kwa kuwanunua, wakawapeleka kaskazini hadi pwani ya Barawa na Mogadishu, wakafanywa watumwa katika mashamba ya Banaadir. Baadhi yao walitoroka, wakaenda kujenga vijiji katika misitu ya Mto Juba, na wajukuu wao waliendelea kusema Kizigua kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini. Vita vya Somalia vilipolipuka mwaka 1991 wengi walikimbia, wengine kwa vyombo vya baharini hadi pwani ya Tanga. Wakapokelewa Handeni, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakapewa makazi Chogo, katika wilaya hiyo hiyo ambayo mababu zao walichukuliwa. Hivyo basi, ukimuuliza mzee wa Kizigua kama bahari inamhusu, uwe tayari kusikiliza hadi jioni.

Lakini tusiielewe vibaya habari hii, tukadhani kwamba Mwafrika aliijua bahari kwa kupakiwa tu. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 kinachoeleza safari za Bahari ya Hindi kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, pamoja na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba badala ya kupigwa misumari. Mtepe ulioshonwa kwa namna hiyo ulidumu katika pwani hii mpaka karne ya 20. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipofika Malindi hakuvuka kwenda Calicut mpaka alipopewa rubani wa kumwongoza, na mwandishi wa Kireno aliyeandika habari hizo baadaye alimwita rubani huyo "malemo". Neno hilo si jingine ila "mwalimu". Katika lugha ya mabaharia wa zamani nahodha alikuwa mwenye amri ya chombo, na mwalimu alikuwa mwenye elimu ya nyota, pepo na njia.

Elimu hiyo ilikuwa na chuo chake, nacho ni chombo chenyewe. Mtoto alianza kwa kufua maji na kupika, akahamia kwenye kamba na tanga, akapewa usukani kwa zamu, na baada ya misimu mingi ya kaskazi na kusi akaaminiwa. Nadharia na vitendo havikutengana. Hata hivyo tusiipambe mno. Chombo kilikuwa na mwenyewe, mara nyingi tajiri mwenye fedha aliyekaa bandarini, na majahazi yale yale yaliyobeba boriti, nazi na papa mkavu ndiyo yaliyobeba Wazigua kwenda Barawa. Ujuzi wa baharia ulikuwa wake, lakini shehena na faida havikuwa vyake. Hitilafu hiyo ilianza kabla ya Mzungu, na Mzungu alipokuja aliipanua akaifanya kuwa mfumo.

MELI ILITANGULIA RELI

Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miezi michache baadaye, mwaka 1890, ikaundwa Hamburg kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika Linie, ambayo serikali ya Ujerumani iliipa ruzuku ili ipeleke meli za kawaida Afrika Mashariki. Mpangilio huo wa miaka unafaa kutazamwa kwa makini. Kwanza lilivunjwa taifa la pwani lililopinga, kisha ikaundwa kampuni ya meli, na ndipo reli ikafuata: ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1893 huo huo Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg, na miche 62 tu iliyosalia hai ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakazaliwa mashamba yaliyofunika bonde la Pangani, kuanzia Muheza, Hale na Mnyuzi hadi Ngombezi, Magunga na Mombo.

Reli ile haikujengwa ili mtu wa Korogwe amtembelee ndugu yake Moshi. Ilijengwa ielekee gati. Mtu akiitazama ramani ya reli ya kikoloni bila kuzitazama njia za meli, anaona mkia akadhani ni mnyama mzima.

Mkonge ulitaka mikono. Wenyeji wengi wa Handeni na Korogwe, waliokuwa na mashamba yao ya mahindi, hawakuwa na haraka ya kukata mkonge kwa ujira wa kipande. Ndiyo maana walowezi walitafuta watu wa mbali: Songea, Kigoma, Rwanda na Burundi, na Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu wakaletwa kwa malori na mabehewa, kila mmoja na namba yake, na kwa sababu ya namba hizo wakaitwa manamba. Wengi hawakurudi makwao. Mtu akitembea leo Korogwe akasikia majina ya makabila ya pembe zote za nchi, ajue kwamba mkonge ndio uliowakutanisha.

Sasa tufuate burungutu moja la mkonge lililofungwa Magunga. Manamba amelikata, mashine imelisaga, wengine wamelianika, wamelipiga brashi na kulifunga. Limepakiwa katika behewa mpaka Tanga. Pale Tanga, meli kubwa hazikuweza kufika gatini kwa sababu ya kina cha maji. Zilitia nanga katikati ya ghuba, na makuli wakalishusha burungutu katika tishari, tishari likavutwa mpaka ubavuni mwa meli, na likapandishwa tena. Kazi hiyo ya mara mbili iliendelea kwa muda wote wa ukoloni na kwa miaka mingi baada yake. Wafanyakazi wa bandari ya Tanga waligoma mwaka 1939, na wale wa Dar es Salaam mwaka 1947, mgomo ambao ulienea kwa kufuata reli ya kati mpaka bara. Ni katika matishari na magati, kama ilivyokuwa katika mashamba ya mkonge, ndipo tabaka la wafanyakazi wa nchi hii lilipojifunza kujihesabu.

Lakini burungutu lilipovuka ukingo wa meli, liliingia katika dunia nyingine. Bei ya mkonge iliamuliwa London. Bei ya kuusafirisha iliamuliwa na umoja wa makampuni ya meli ya Ulaya, uliojiita "konfarensi", ambao ulipanga nauli moja kwa wote ili mshindani asipatikane. Mbinu yao ilikuwa ya werevu. Mwenye shehena aliahidiwa kurudishiwa sehemu ya nauli yake baada ya miezi kadhaa, kwa sharti kwamba muda wote huo asipakie mzigo hata mara moja katika meli isiyo ya umoja huo. Akipakia, alipoteza marudisho yote. Kwa njia hiyo mkulima na mwenye shamba walifungwa kwa fedha zao wenyewe. Nauli na bima zilipopanda, aliyepungukiwa hakuwa mnunuzi wa Ulaya. Upungufu ulirudi kwa reli ile ile mpaka kwenye kipande cha mkata mkonge.

Katika meli hizo Mwafrika alikuwapo. Alikuwa chini kwenye moto, jikoni, au kwenye kamba. Darajani, pale ramani inapotandazwa, hakuwapo. Mjukuu wa mwalimu wa Malindi aligeuzwa kuwa mchochea makaa, na hakuna chuo hata kimoja katika Tanganyika nzima kilichofikiriwa kwa ajili ya kumrudisha juu.

HATI NA USUKANI

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa mkonge, na mwaka 1964 mavuno yalikaribia tani 230,000. Baada ya hapo bei ikaporomoka, kwa kuwa kamba za nailoni na plastiki zilianza kuchukua soko. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliutambua usafirishaji kuwa miongoni mwa njia kuu za uchumi, na mwaka huo huo sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge ikawekwa mikononi mwa umma. Viongozi wa wakati ule waliona vizuri kwamba shamba la umma linalotegemea meli ya mwingine ni umma nusu. Tayari mwaka 1966 Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilikuwa zimeanzisha kwa pamoja Shirika la Meli la Afrika Mashariki, na mwaka 1967 Tanzania na China zikaunda shirika lao la ubia, SINOTASHIP, kila upande nusu kwa nusu. Vifaa vya reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, vilifika kwa njia ya bahari, na ushirika huo wa meli ulikuwa sehemu ya hesabu yake. Kwa mwambao na visiwa likaundwa shirika la TACOSHILI.

Hapa ndipo kosa la nadharia lilipojificha, nalo lilikuwa kosa la wengi wetu. Tulidhani kwamba ukiwa na hati ya meli umekuwa na meli. Meli ilikuwa yetu kwenye makaratasi na bendera ilikuwa yetu mlingotini, lakini maafisa wengi walioipeleka walikuwa wageni, kwa sababu cheti cha kuongoza meli ya bahari kuu hakitolewi na azimio la mkutano wala kwa cheo cha siasa. Ni kazi ya miaka. Shirika lililokosa maafisa wake likawalipa wengine kwa fedha za kigeni, zile zile zilizotarajiwa kuokolewa kwa kumiliki meli.

Mwaka 1974, huko Geneva, nchi za dunia ya tatu zilifaulu kupitisha mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya hizo konfarensi za meli. Kanuni yake ilijulikana kwa tarakimu tatu: asilimia 40 ya shehena kwa meli za nchi inayouza, 40 kwa meli za nchi inayonunua, na 20 kwa wengine. Ulikuwa ushindi mkubwa wa kisiasa. Lakini mkataba ulichelewa mpaka Oktoba 1983 kuanza kutumika, na wakati huo makasha ya chuma, yaani makontena, yalikuwa yamekwisha kuibadilisha biashara yenyewe, na makampuni makubwa yakajiunga kwa namna mpya ambazo mkataba haukuzigusa. Tena, asilimia 40 ya shehena humfaa mwenye meli na mabaharia. Kwa asiye navyo ni haki ya kula bila meno.

Ndipo ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa mwezi wa Februari, na mashirika ya pamoja yakagawanywa kama nyumba ya wanandoa wanaogombana. Tanzania iliunda haraka Mamlaka ya Bandari na Shirika la Reli, na Shirika la Reli likarithi meli za maziwa, pamoja na MV Liemba, chombo kilichoundwa Ujerumani mwaka 1913, kikazamishwa mwaka 1916, kikaibuliwa na kurudi kazini mwaka 1927. Lakini vyuo haviwezi kugawanywa kama mabehewa. Chuo kikuu cha reli cha Jumuiya kilikuwa Nairobi na kilibaki huko. Nchi ikajikuta na bandari, meli za maziwa, meli za mwambao na ubia wa bahari kuu, na haina mahali pa kumfundishia kijana hata namna ya kushusha mashua ya kujiokolea. Shirika la pamoja la meli nalo lilivunjwa mwaka 1980.

KITENGO CHA MWAKA 1978

Chuo kilizaliwa mwaka 1978 kwa makubaliano kati ya serikali ya Tanzania na serikali ya Norway, kikiitwa Kitengo cha Mafunzo ya Ubaharia cha Dar es Salaam. Neno "kitengo" lilikuwa sahihi. Hakikuwa chuo cha manahodha. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafunza mabaharia wa ngazi ya chini, wa sitahani na wa chumba cha injini, watakaofanya kazi chini ya amri ya maafisa. Kilikaa kando ya bandari, mahali ambapo mwanafunzi akiinua macho huziona meli zikiingia na kutoka.

Mwaka huo una mambo mengine mawili. Mwezi Julai, huko London, nchi wanachama wa shirika la kimataifa la bahari zilipitisha mkataba wa STCW, unaoweka kiwango kimoja cha mafunzo na vyeti vya mabaharia kwa dunia nzima. Kuanzia hapo ujuzi wa baharia haukuwa tena suala la kuaminiwa na tajiri wa chombo. Ulikuwa karatasi ambayo bandari ya Rotterdam au ya Durban ingeikubali au kuikataa. Na mwezi Oktoba majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Fedha za kigeni zikaenda vitani, na vita vilipokwisha mwaka 1979 hazikurudi. Kitengo kilianza maisha yake katika nchi ambayo hata vipuri vya pampu vilikuwa vya kuombea.

Kwa nini Norway? Nchi ile ilikuwa na mojawapo ya makundi makubwa ya meli za biashara duniani, na ilikuwa rafiki wa siasa yetu ya maendeleo. Iliisaidia pia elimu ya uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Msaada wake haukuwa wa kubezwa, na mwandishi wa makala hii si miongoni mwa wanaoona hila katika kila mkono ulionyooshwa. Hata hivyo mwanafunzi wa uchumi atazame na upande wa pili. Katika miaka ile ile wenye meli wa Ulaya ya Kaskazini walikuwa wakilemewa na mishahara ya mabaharia wao. Mwaka 1987 Norway ilifungua daftari jipya la usajili wa meli, lililowaruhusu wenye meli kuajiri mabaharia wa nchi za nje kwa mishahara ya makwao. Ufilipino na India zilijaza nafasi hizo. Kwa hiyo kumfunza baharia wa ngazi ya chini katika nchi maskini ni tendo lenye sura mbili: ni kumpa kijana kazi yenye heshima, na ni kuliandalia soko la dunia nguvu kazi ya bei nafuu. Sura ipi itashinda hutegemea kama mafunzo yanakomea chini au yanapanda ngazi.

Suala la kupanda lilichukua miaka 13. Kwa Sheria Na. 22 ya mwaka 1991 Bunge lilikigeuza kitengo kuwa Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, chenye bodi yake na mamlaka ya kufunza maafisa. Tangu hapo mafunzo yamepanda hatua kwa hatua: kozi fupi za usalama ambazo kila baharia lazima awe nazo, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na wajibu wa mtu chomboni, kisha vyeti vya maafisa wa sitahani na wahandisi wa meli, kisha stashahada na shahada, pamoja na masomo ya uchukuzi na usimamizi wa shehena. Wasichana nao waliingia darasani, katika kazi ambayo mila za pwani na za Ulaya zilikubaliana, kwa mara moja, kuwafungia nje.

Wasomaji wa jarida la namna hii hawatakosa kuona kwamba mwaka 1991 ni mwaka wa Azimio la Zanzibar. Mwezi Februari masharti ya uongozi ya Arusha yalilegezwa, na kuanzia mwaka 1992 mashirika ya umma yakaanza kuwekwa katika mizani ya kuuzwa au kufungwa. TACOSHILI haikuvuka wimbi hilo. Basi tazama mgongano wa mambo: katika miaka ya 1970 tulikuwa na meli bila chuo, na katika miaka ya 1990 tukawa na chuo bila meli. Kila kimoja kilihitaji kingine ili kikue, na havikukutana.

MIEZI KUMI NA MIWILI

Mgongano huo si wa nadharia tu. Kwa mujibu wa mkataba wa STCW, kadeti anayetaka cheti cha kwanza cha afisa wa sitahani lazima awe ametumikia baharini si chini ya miezi 12 katika mpango wa mafunzo uliothibitishwa, akijaziwa daftari lake na maafisa wa meli. Akikosa mpango huo, lazima atumikie miezi 36. Darasa haliwezi kuyafidia hayo, wala mashine ya kuigiza daraja la meli. Nchi yenye meli zake huwagawa makadeti wake kama shule inavyowagawa wanafunzi wa ualimu. Nchi isiyo na meli huomba. Humwandikia mwenye meli wa nje, naye hujibu kwamba ana makadeti wa nchi yake kwanza. Kijana aliyemaliza masomo yake yote hubaki nchi kavu akishika daftari jeupe, na baada ya miaka miwili mitatu unamkuta ameajiriwa ghalani akihesabu makasha. Mkufunzi wa chuo chochote cha ubaharia katika Afrika atakuambia kwamba huo ndio mlango mwembamba, na wengi hunaswa hapo.

Bado kuna wanaosema kwamba chuo cha namna hii ni anasa kwa nchi yenye meli chache. Hao waulizwe habari za MV Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza watu kupita kiasi, wakafa mamia. Waulizwe za Spice Islander, Septemba 2011, katika mkondo wa Nungwi, na za MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, ambako walikufa zaidi ya watu 200. Katika misiba hiyo neno lililorudiwa ni moja: chombo kilipakia kuliko uwezo wake. Uzito na uthabiti wa chombo ni somo la darasani lenye hesabu zake. Lakini nahodha anayezijua hesabu hizo na akakosa nguvu ya kumkatalia mwenye chombo au mkuu wa gati ni sawa na asiyejua. Ndiyo maana elimu ya baharia haitengani na sheria wala na ukaguzi. Sheria ya meli za biashara ya mwaka 2003 na kuundwa kwa shirika la TASAC kwa sheria ya mwaka 2017 ni hatua za upande huo.

Jambo la bendera nalo halifai kupitwa. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli kadhaa za mafuta za Iran, zilizokuwa zikikwepa vikwazo, zilisajiliwa chini ya bendera ya Tanzania kupitia wakala aliyekuwa Dubai. Serikali ikazifuta. Bendera yetu ilikuwa imesafiri bahari zote juu ya meli ambazo hazikuwa na shehena yetu, fedha yetu, wala baharia wetu, huku makadeti wetu wakitafuta meli ya kuwapa miezi 12. Sijui mfano mwingine unaoonyesha waziwazi zaidi tofauti kati ya jina la kumiliki na tendo la kumiliki.

KUMRUDIA NDUGU WA HANDENI

Ndoo ya maji aliyoitaja ndugu yetu ina historia yake. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya Handeni imetegemea mradi wa HTM, unaosukuma maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe kuyapandisha Handeni. Pampu za aina ile hazifuliwi Korogwe. Zilivuka bahari, na kila kipuri chake kinavuka bahari, na nauli yake imo ndani ya bei ya ndoo ile hata kama haikuandikwa popote. Vivyo hivyo mbolea, dizeli ya trekta na bati la shule. Mahindi ya Handeni hayapandi meli mara nyingi, lakini karibu kila chombo cha chuma kilicho katika nyumba ya mkulima wake kilishuka melini.

Nalo burungutu la mkonge bado linashuka kutoka Korogwe, ingawa ni sehemu ndogo tu ya mavuno ya mwaka 1964. Mwanzoni mwa miaka ya 2020 bandari ya Tanga iliongezewa kina na gati zake zikajengwa upya, meli kubwa zikaweza kufika ukutani bila msaada wa tishari. Kazi ya mara mbili iliyowachosha makuli tangu enzi ya Mjerumani imepata dawa. Waliobaki hawajabadilika sana ni wale wanaosimama darajani mwa meli hiyo inapofunga kamba.

Baada ya uamuzi wa uwekezaji wa Februari 2022 ulianza ujenzi wa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443. Njia yake inaingia mkoani kwa Kilindi, inapita Handeni, inapita Korogwe na Muheza, karibu sawa na ile njia ya misafara na ya reli. Wakulima wa vijiji hivyo wamepimiwa ardhi, wamehesabiwa mikorosho na migomba, wamelipwa fidia. Bomba lenyewe linafukiwa, na mkulima anaweza kupanda mahindi kando yake. Kule mwisho, Chongoleani, pamejengwa matangi na gati refu linaloingia baharini, mahali pa kufungia meli za mafuta. Meli ya namna hiyo huhitaji nahodha, maafisa wa sitahani, wahandisi, na mabaharia wenye vyeti maalum vya kuhudumia mafuta, juu ya vile vya kawaida. Yule ndugu aliyeuliza swali alikuwa na kijana wake kidato cha nne, anayependa hesabu na fizikia. Baada ya semina alinifuata nje, akaniuliza fomu za chuo kile zinapatikana wapi.